Tunauziwa Mbao Kwenye Gunia

Kuna uongo unaouzwa katika maduka ya ala za muziki hapa Nairobi, na hauuzwi bei ya kutupa. Unaanza na neno moja, sasteini, ambalo kila mpiga gitaa la umeme amewahi kurushiwa hata kama hakuna aliyekaa chini akamweleza. Maana yake si ngumu. Unachapa uzi, noti inalia, noti inafifia, noti inakufa. Muda ule kati ya kuchapwa na kufa ndio sasteini. Gitaa ambalo noti zake zinadumu husifiwa kuwa linaimba. Lile ambalo noti zake zinakatika mapema huitwa ubao. Hapo ndipo uongo unapopenya, kwa sababu utaambiwa tofauti kati ya hayo mawili ni mti. Mahogani inashikilia noti. Mti laini unaimeza. Mti mwepesi, wacha tu. Ukitaka noti ndefu, ongeza doo ununue mti wa maana.

Msimamo wangu niuseme mapema: kwenye gitaa la umeme, jina la mti ni kati ya mambo ya mwisho kabisa unayopaswa kulipia, na kila anayekuambia uanze nalo ama hajui au anajua vizuri sana.

Mwaka jana nilimsindikiza kijana mmoja wa Kayole, mpiga gitaa wa kanisa, hadi duka moja huko tao. Gitaa lake la mkono wa pili alikuwa nalo mgongoni. Muuzaji alilitoa kwenye mfuko, akaligonga kwa kidole kama mama anayechagua tikiti sokoni, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, hii ni mbao tu. Hata ufanye nini, hii haiwezi kukaa na noti." Akashusha jingine kutoka ukutani, akaushika mkono wa kijana na kuuweka kwenye mwili wa gitaa, kisha akachapa uzi mnene. "Unaskia vile linatetemeka? Hiyo ndio sasteini." Bei yake ilipita kodi ya nyumba ya miezi sita ya yule kijana. Nililiangalia gitaa lake tulipotoka nje. Nyuzi zilikuwa na kutu. Freti za mwanzo zilikuwa zimechimbika mitaro. Pikapu zilikuwa zimeinuliwa hadi zinakaribia kugusa nyuzi. Mambo matatu, yote yanaua noti, yote yanatengenezeka siku moja, na muuzaji hakutaja hata moja.

Lakini tuanze na huko kutetemeka, maana ndiko ujanja wote uliko.

Uzi ukichapwa hupewa nguvu kidogo, basi. Kidole kikishaondoka, hakuna nguvu nyingine inayokuja. Kuanzia hapo ni matumizi tu. Fikiria debe la maji lenye matundu, siku ambayo mifereji ya mtaa imekauka. Maji ni yale yale uliyochota asubuhi, na swali ni yanavuja kwa kasi gani. Uzi una matundu yake. Unasukumana na hewa. Unajisugua wenyewe kwa ndani kila unapopindwa huku na huku. Ncha zake mbili, yaani freti uliyobonyeza na daraja kule nyuma, zinaachia nguvu itorokee shingoni na mwilini. Sumaku za pikapu zinauvuta. Nyama ya kidole chako nayo inakunywa sehemu yake.

Sasa rudi kwa muuzaji wetu. Gitaa linalotetemeka mkononi mwako limepata wapi nguvu za kutetemeka? Halijachomekwa kwa stima. Hakuna jini ndani. Nguvu hiyo imetoka kwa uzi, haina pengine pa kutoka. Kile ulichokihisi kwa kiganja ndicho ambacho noti imeshapoteza. Yaani jamaa alimshikisha kijana tundu la debe akamwambia, ona maji yanavyotiririka vizuri.

Kwenye ala zisizotumia umeme, huo si wizi, ni kazi halali. Chukua nyatiti. Nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya bakuli la mti. Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa, hungeusikia hata ukiwa jirani. Kwa hivyo ngozi inapokea nguvu ya uzi haraka na kuimwaga hewani yote. Noti inatoka kubwa, inaishi kidogo, na mpigaji anarudi kuichapa tena kabla haijapoa, huku pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mti na njuga zikijibu. Ufupi wa noti ndio bei ya ukubwa wake. Gitaa kavu linalipa bei hiyo hiyo kupitia kifua chake chembamba cha mbao.

Gitaa la umeme lilisamehewa deni hilo. Pikapu, siyo ile ya kubeba mchanga, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukicheza juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, ampu inaukuza, spika inasema. Mwili wa gitaa haujaombwa utoe sauti. Umeombwa ukae kimya na kushikilia ncha za uzi zisichezecheze. Mwili unaoitika kwa kila noti ni kama mlinzi anayesaidia wezi kubeba TV.

Na wala haya si mawazo mapya. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lile la mwanzoni mwa miaka ya 1930 ambalo George Beauchamp alilibuni na ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Rickenbacker, lilikuwa la alumini. Alumini ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, mwili mdogo wa duara na shingo ndefu, watu wakalibandika jina la Kikaango. Liliundwa kwa ajili ya muziki wa mtindo wa Hawaii uliokuwa umeshika Marekani wakati huo, muziki wa noti zinazoteleza na kuning'inia chini ya kipande cha chuma. Hao ndio waliohitaji noti ndefu kuliko mtu yeyote, na walianza na kitu ambacho fundi wa sufuria wa Kamukunji angekitambua mara moja.

Kisha kuna Les Paul mwenyewe, mtu ambaye jina lake limekuwa kama hati miliki ya sasteini. Karibu mwaka 1940 aliingia katika karakana ya Epiphone huko New York, akachukua nguzo ya paini ya inchi 4 kwa 4, akafunga juu yake shingo, daraja na pikapu. Hicho ndicho chombo kizima. Baadaye akabandika pembeni nusu mbili za gitaa la kawaida lililopasuliwa, ili watu wakome kuona nguzo waanze kuona gitaa. Alikiita Gogo. Paini! Mbao zile zile tunazoezekea nazo nyumba huku mashambani. Alichokuwa akikitafuta si mti wa kifahari, ni kitu kizito kisichotikisika. Gibson walipotoa gitaa lenye jina lake mwaka 1952, lilikuwa na mwili wa mahogani na uso wa meipo, likang'aa rangi ya dhahabu, na tangu hapo wengi wetu tumeisahau paini na kuikumbuka mahogani.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 kampuni ya Danelectro ilikuwa ikiuza magitaa yenye uso na mgongo wa ubao wa kukandamizwa, ule unaotokana na nyuzinyuzi za mbao, na Jimmy Page wa Led Zeppelin alilipiga moja jukwaani miaka mingi. Mwaka 1969 Ampeg walitoa gitaa la plastiki ngumu inayoona upande wa pili kama kioo. Keith Richards alilipeleka kwenye ziara za Rolling Stones. Na siku hizi kuna mpiga gitaa wa Nashville, Jim Lill, ambaye kwenye video moja maarufu alinyoosha nyuzi kati ya vitu viwili vizito karakanani kwake, bila mwili na bila shingo, akaweka pikapu chini yake. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa gitaa. Hakuna kiti wala meza iliyoomba ipewe heshima ya mahogani.

Sisemi mti haufanyi kitu. Kuna mahali unafanya, na cha kuchekesha ni kwamba ndiyo sehemu ambayo muuzaji haigusi: shingo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ujerumani, Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker, walichukua magitaa ya umeme wakayapima freti kwa freti, wakitafuta ni wapi uzi unapoteza nguvu yake. Waligundua kwamba daraja na mwili havisumbui sana. Mwizi mkubwa ni shingo. Ni ndefu, ni nyembamba, ina kichwa kizito mwishoni, na kama kitu chochote cha aina hiyo ina kasi zake inazopenda kutikisika nazo. Noti ikiangukia kasi hiyo, shingo inaitikia kama bembea iliyosukumwa kwa wakati wake, na uzi unanyonywa. Noti jirani yake inalia vizuri, hii inakufa kama imezibwa mdomo. Wapiga besi za Fender wanalijua hilo doa. Liko kwenye uzi wa juu, wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, na limewasumbua watu wenye besi za bei ya gari.

Kwa hivyo ugumu wa shingo una maana, unene wake una maana, uzito wa kichwa una maana. Lakini jina la mti halikuambii lolote kati ya hayo. Vipande viwili vilivyokatwa kutoka gogo moja vinaweza kutofautiana ugumu, na ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayobadilisha hesabu tena. Ukitaka kujua, usisome karatasi ya bei. Chapa kila noti, freti moja baada ya nyingine, saa ya simu ikihesabu. Ukipata inayokufa mapema, egemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati au ukutani uchape tena. Mara nyingi utasikia noti imefufuka, kwa sababu umebadilisha jinsi shingo inavyotikisika. Kuna hata vibano vizito vya shaba vinavyouzwa kwa kazi hiyo, unafunga kichwani na doa linahama. Linahama, halipotei. Unalipeleka mahali ambapo huna noti muhimu.

Hayo yote ni ya mtu ambaye ameshaziba matundu makubwa. Wengi wetu hatujaziba.

Nyuzi kwanza. Uzi mpya ni chuma safi kinachojipinda bila ubishi. Baada ya miezi ya jasho, vumbi na mafuta ya ngozi, hasa zile nyuzi nene zilizosokotwa, uchafu unajaa kwenye mizunguko na kila mtetemo unageuka msuguano. Kwa watu wa Mombasa, na ile hewa ya chumvi, nyuzi zinaoza ukiziangalia. Halafu freti. Freti iliyochimbika haushiki uzi kwa ukali, unalala juu ya mtaro na kugongagonga kingo, na kila mgongo huo ni nguvu imeenda. Kijipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo, kama mifereji yake imekatwa vibaya, kinafanya hivyo hivyo kwa noti ambazo hujabonyeza freti yoyote. Daraja lenye skrubu zilizolegea linacheza, na kitu kinachocheza kinakula.

Pikapu ndiyo inayowashinda watu kuamini. Kijana anataka sauti kubwa, anaizungusha skrubu, anainua pikapu hadi karibu na nyuzi. Sauti inakua kweli. Lakini sumaku nayo inauvuta uzi, na ikiwa karibu sana, hasa kwenye magitaa yenye sumaku zinazotokeza chini ya kila uzi, uzi hauwezi tena kucheza kwa uhuru. Noti inaanza kuyumba, inasikika kama imetoka kwenye tuni, na inakatika. Teremsha pikapu hadi milimita 2 au 3 chini ya uzi, ongeza sauti kwenye ampu. Bisibisi moja. Hakuna msitu uliokatwa.

Halafu kuna mkono, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa. Kidole kinachobonyeza kwa uvivu, mbali na freti, kinazima noti kama blanketi. Gitaa la laki mbili haliwezi kukusaidia na hilo.

Mpaka hapo tumezungumzia kuziba matundu tu. Lakini debe lina njia ya pili, ambayo ni kufungua mfereji na kulijaza likivuja. Wazee wetu waliijua zamani. Orutu ina uzi mmoja tu, na noti yake inaweza kukaa vile mpigaji anavyotaka, kwa sababu upinde unaulisha uzi bila kukoma. Hakuna anayeuliza orutu imetengenezwa kwa mti gani ndipo ajue noti itadumu. Gitaa la umeme nalo lina upinde wake. Ampu ikiwa na sauti ya kutosha na wewe ukisimama mahali panapofaa, hewa kutoka kwenye spika inarudi kuutikisa uzi, uzi unairudishia ampu, ampu inaurudishia uzi. Noti haifi hadi uizime mwenyewe. Robert Fripp alipokuwa akirekodi "Heroes" na David Bowie mjini Berlin mwaka 1977, alipima hatua kutoka kwenye spika na kuweka alama sakafuni, kila noti na mahali pake pa kusimama. Santana alikuwa akitafuta sehemu hizo jukwaani kabla watu hawajaingia. Noti ndefu tunazoziabudu, nyingi zimetoka hapo. Zimetoka kwa umeme, sauti kubwa, na mtu anayejua asimame wapi.

Na kama majirani hawataki kelele, kuna vifaa. EBow, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ni kijisanduku cha kushika mkononi kinachousukuma uzi kwa nguvu ya sumaku na betri. Michael Brook alitengeneza gitaa linalojilisha lenyewe, na The Edge wa U2 akalitumia kwenye "With or Without You" mwaka 1987. Hata ile sauti ya kukwaruza ya roki, ampu ikisukumwa kupita uwezo wake, inafanya kitu kama hicho masikioni. Inakata vilele vya mwanzo wa noti na kuinua mkia wake, hivyo mwanzo na mwisho vinakaribia kulingana. Noti haijaongezewa maisha. Imewekewa maikrofoni inapokata roho. Kompresa inafanya kazi hiyo hiyo kwa adabu zaidi. Ndiyo maana mtu akikupigia rekodi ya Les Paul la mwaka 1959 akakuambia "sikia mahogani," muulize ampu ilikuwa imewekwa namba ngapi.

Sasa mtu ataniambia, wewe nawe, imani ya mtu kwa mti inakudhuru nini? Mwache anunue ndoto yake.

Inadhuru. Mwaka 2009 maajenti wa serikali ya Marekani walivamia kiwanda cha Gibson wakitafuta abunusi iliyotoka Madagaska, nchi iliyokuwa imeshapiga marufuku kuvuna na kuuza nje abunusi ghafi. Wakarudi tena 2011, safari hii kwa mbao za kutoka India. Mwaka 2012 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 300,000 kumaliza kesi ya Madagaska. Misitu ya kisiwa kilicho hapo ng'ambo ya bahari yetu ilikuwa ikienda kuwa vibao vya vidole, sehemu ya gitaa unayoikanyaga kwa vidole tu. Mwaka 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa, na humo ndani yumo mpingo wetu, unaochongwa vinyago na Wamakonde na unaosafirishwa kwenda kuwa klarineti. Miaka miwili baadaye ala za muziki zilizokamilika zilipata msamaha, baada ya watengenezaji kulalamika. Mti uliokua miaka mingi kuliko umri wa bibi yako unaangushwa ili muuzaji apate cha kusema, na uzi wa chuma juu yake hauna habari.

Dhara la pili liko karibu zaidi. Kuna mafundi mjini hapa wanaojua kusawazisha freti, kuchonga mfupa, kunyoosha shingo. Kazi ya mchana mmoja, na gitaa la bei ya chini linaamka. Lakini nimewaona watu waliokopa kununua mahogani wakimlilia fundi bei, wakitaka kumwachia mbao mbili tatu kama nauli. Tunaona sawa kulipa laki kwa mti uliokatwa mbali, halafu ujuzi wa mtu wa mtaani kwetu tunauombea punguzo. Hapo ndipo ninapokasirika. Noti ndefu ingetoka kwa yule fundi. Noti zetu, zile za benki, zimeenda kwa mti.

Na kuna jambo ambalo huwa halisemwi kabisa, kwamba urefu wa noti umegeuzwa kuwa mtihani wa mpiga gitaa. Nimesikia msee akimdharau mpiga benga mzima, mzee anayepiga vidole vikiwa kama cherehani, ati "gitaa lake halina sasteini." Alikuwa anaihitaji ya nini? Gitaa la benga lilichukua mwendo wake kutoka kwa nyatiti. Noti zinakatika ili nyingine ipate nafasi. D.O. Misiani na Shirati Jazz hawakuwa wakingoja noti imalizike kulia. Walishakuwa noti kumi mbele. Kwenye rumba ya Kongo, ngoma ikifika kwenye sebene, magitaa mawili matatu yanasukana, solo, mi-solo na ridhimu, kila moja likiacha mwanya ambao jingine linaingia. Jaza mianya hiyo kwa noti ndefu uone, utapata uji. Wapigaji wengi wa mtindo huo hulaza ukingo wa kiganja kwenye daraja kwa makusudi, wanaziua noti wenyewe. Franco alijenga ufalme kwa jozi za noti zilizochanwa kwa gumba na kidole cha shahada. Na Docteur Nico alipotaka noti za kuteleza na kukaa, hakwenda kutafuta mti mzito zaidi. Alichukua gitaa la Kihawaii na chuma chake, akapiga.

Napenda noti ndefu. Ikining'inia vizuri juu ya watu waliokaa kimya, nywele zinanisimama. Ninachokataa ni kuuziwa kitu kimoja kwa jina la kingine, na hasa kumuuzia hivyo kijana ambaye atakula mkate kavu mwaka mzima kukilipa.

Kwa wale wanaobisha, na najua mko, tusibishane kwa mdomo. Leteni mahogani yenu na nyuzi mlizonazo sasa hivi, msizibadilishe, hivyo hivyo zilivyo. Mimi nitaleta gitaa lolote la bei ya chini lenye nyuzi mpya, freti zilizosawazishwa na pikapu zilizoteremshwa. Ampu moja, waya mmoja, vitufe visiguswe. Mtu mwingine achape uzi ule ule, freti ile ile, nyuma ya pazia. Simu ihesabu sekunde. Atakayeshindwa amlipe fundi wa mwenzake.